Kuongoza Ramani kwa Macho

Na Katibu wa Chama cha Jiografia, Kidato cha Nne

Katika gazeti letu la muhula uliopita mwalimu wetu wa Jiografia alieleza jinsi ramani zinavyopimwa na kuchorwa. Muhula huu ameniomba mimi niandike juu ya jambo lililo jirani na hilo, yaani namna mtu anavyoweza kuiongoza ramani ya kompyuta kwa macho yake, pasipo kuigusa kwa mkono. Nimekubali kwa furaha, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza, jambo hili linatufundisha mengi juu ya macho yetu wenyewe, ambayo tunayo toka kuzaliwa, na wengi wetu hatujui yanavyofanya kazi. Ya pili, wako watu ambao kwao jambo hili si mchezo hata kidogo, kwa maana mikono yao haiwatii tena, na macho ndiyo yaliyobaki.

Tuanze na jicho lenyewe. Mtu akisimama mbele ya ramani ya ukutani hudhani kwamba anaiona yote sawasawa kwa mara moja. Sivyo. Nyuma ya jicho, katika utando upokeao nuru uitwao retina, pana kitone kidogo tu kionacho barabara. Kandokando yake jicho huona kwa ukungu. Nyosha mkono wako mbele, kisha utazame kidole gumba. Upana wa kidole hicho, ambao ni kama digrii mbili, ndio upana wa mahali unapopaona vizuri kwa wakati mmoja. Hivyo ukiyakaza macho juu ya neno “Dodoma” katika ramani ya ukutani, huwezi kulisoma neno “Mwanza” mpaka uyahamishe. Kwa ajili hiyo macho hayana budi kuhamahama. Nayo hayatelezi kama gari katika lami, bali huruka kama panzi: hutua mahali kwa muda wa robo sekunde hivi, huruka, hutua tena, mara tatu hivi katika kila sekunde.

Jambo hili mtu aweza kulihakikisha bila chombo cha thamani. Chukua kioo cha kujitazamia, ulitazame jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Hutayaona macho yako yakienda, ingawa rafiki aliyesimama kando atayaona waziwazi. Sababu yake ni kwamba macho yanaporuka, ubongo huyaacha yale yapitayo mbele yake, nasi hatutambui kwamba kwa kitambo kile kifupi hatukuona kitu.

Jaribio jingine tulilifanya katika Chama chetu. Tulichukua ramani kuukuu ya Afrika Mashariki, tukatoboa tundu dogo katikati, tukaitundika kwenye kamba. Mwenzangu aliitazama ramani kwa mbele, nami nikayachungulia macho yake kwa nyuma kupitia tundu lile. Nikamwambia, “Taja miji ya pwani toka Tanga hata Mtwara.” Macho yakashuka hatua kwa hatua, yakitua na kuruka, katika upande mmoja tu wa ramani. Kisha nikamwuliza, “Ni ziwa lipi lililo refu kuliko yote?” Mara macho yakakimbilia upande wa magharibi, yakapanda na kushuka, yakipima Tanganyika na Nyasa. Ramani ilikuwa ile ile, na mtu alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni swali.

Mtaalamu mmoja wa Urusi ya Kisovieti, Alfred Yarbus, alilichunguza jambo hili kwa uangalifu mwingi. Kitabu chake kilitolewa kwa Kirusi mwaka wa 1965, na kwa Kiingereza mwaka wa 1967. Alibandika juu ya jicho la mtu kifuniko kidogo chenye kioo, na nuru iliyopiga pale ilichora njia ya jicho. Akamwonyesha mtu picha iliyochorwa na Ilya Repin, ya mgeni anayeingia nyumbani bila kutazamiwa. Alipomwambia akisie umri wa watu wa pichani, macho yalipita njia moja. Alipomwambia akisie kama jamaa hao ni matajiri au maskini, yalipita njia nyingine. Basi twaweza kusema kwamba macho ni mtumishi wa swali lililo moyoni. Msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia.

Sasa, kompyuta hujuaje mtu anatazama wapi? Chombo cha kuyafuata macho hukaa chini ya kioo cha kompyuta. Hutoa mwanga wa infraredi, ambao sisi hatuuoni, nao hung’aa kama nukta ndogo juu ya jicho. Kamera huangalia vitu viwili: nukta hiyo, na katikati ya mboni. Jicho linapogeuka, mboni huhama, lakini nukta hukaa karibu mahali pale pale. Kwa kupima nafasi iliyo kati ya viwili hivyo, kompyuta hukisia upande jicho linakoelekea. Lakini kwa kuwa macho ya watu hayafanani, kwanza mtumiaji sharti apimwe. Huonyeshwa vitone, vitano au tisa, vikitokea kimoja kimoja, naye huvitazama kwa zamu. Baada ya hapo chombo kimemjua.

Na ramani ya kompyuta ni kitu gani? Si karatasi moja kubwa. Imekatwa vipande vya mraba. Katika ngazi ya kwanza dunia nzima ni kipande kimoja. Ukiikuza mara moja, kipande hicho hugawanyika kuwa vinne. Ukiikuza tena, kila kimoja huwa vinne, yaani vyote pamoja 16. Ukiikuza mara 10, vipande vya dunia nzima vimefika 1,048,576. Kompyuta haivileti vyote, bali huleta vile tu vinavyohitajiwa na mtazamaji. Ndivyo zilivyogawanywa ramani za Google Maps, zilizoanza mwaka wa 2005, na nyingine nyingi za namna hiyo. Na kuiongoza ramani ni mambo matatu tu: kuisogeza, kuikuza au kuipunguza, na kuchagua mahali. Kwa kidole mambo hayo ni rahisi, hata mtoto mdogo huyaweza. Kwa macho pana vikwazo viwili, na katika vikwazo hivyo ndimo lilimo fundisho.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba jicho halina ncha kali kama ya kidole kilichoshika kalamu. Chombo kizuri cha kufuata macho hukosea kwa nusu digrii mpaka digrii moja. Tufanye hesabu. Mtu akikaa sentimeta 60 toka kwenye kioo, digrii moja ni kama sentimeta moja juu ya kioo hicho. Sasa tuseme ramani iliyo kiooni ni ya kipimo cha 1:50,000, kama zile tunazozisoma katika mtihani. Sentimeta moja ni mita 500. Maana yake ni kwamba wewe unatazama zahanati, na kompyuta huenda ikadhani unatazama shule iliyo nusu kilometa kutoka pale. Katika ramani ya 1:1,000,000 kosa hilo hilo ni kilometa 10. Na wala si kosa la chombo peke yake, maana jicho lenyewe hata likitulia hutikisika kidogo kidogo, na halitulii barabara juu ya nukta moja.

Kikwazo cha pili ni kikubwa zaidi. Mkono hufanya kazi mtu anapotaka. Lakini jicho halipumziki, ila tukifumba. Basi ikiwa kila kinachotazamwa kinahesabiwa kuwa kimeamriwa, balaa huingia. Mwalimu wetu alituruhusu kujaribu kwa simu yake. Toka mwaka wa 2024 simu za iPhone zisizo za zamani sana zimewekewa njia ya kuongozwa kwa macho, kwa kutumia kamera ya mbele. Tuliisimamisha simu mezani, tukapimwa kwa vitone, tukafungua ramani. Nilitazama jina la mji ili nilisome tu, likafunguka. Nikatazama pembeni kuona limefunguka nini, pembeni nako pakafunguka. Wenzangu walicheka mpaka machozi yakawatoka, kisha kila mmoja akaja kwa zamu yake, na mambo yakawa yale yale.

Bwana Robert Jacob, aliyekuwa mtafiti katika maabara ya jeshi la majini la Marekani mjini Washington, alikipa kikwazo hiki jina mwaka wa 1990. Alikiita mguso wa Midas, kwa kumkumbuka mfalme wa hadithi za Kigiriki aliyeomba kila akigusacho kiwe dhahabu, akapewa, na chakula chake nacho kikawa dhahabu. Jacob alifanya majaribio yake kwa ramani yenye meli. Mtu alipotazama meli, habari zake ziliandikwa kando ya kioo, naye akizihitaji hugeuza macho na kuzisoma. Hapo kutazama tu kulitosha, kwa sababu kama meli iliyochaguliwa siyo, hakuna hasara. Mtu hutazama nyingine. Aliona kwamba ikiwa kosa halina madhara, yatosha jicho kutua mahali kwa muda mfupi sana, kama sehemu 150 mpaka 250 za elfu ya sekunde.

Lakini kuihamisha meli toka mahali hata mahali ni jambo jingine, maana hapo kosa lina gharama. Kwa hiyo aliongeza kitufe cha kubonyeza. Alijaribu njia mbili: katika ya kwanza jicho huchagua meli na mkono huivuta kwa kipanya, katika ya pili jicho huichagua na kuipeleka, na mkono hubonyeza kitufe tu. Ilitazamiwa kwamba ya kwanza ndiyo itakayofaa. Kumbe watu waliona ya pili ni nyepesi zaidi, kwa sababu mtu anapotaka kupeleka kitu mahali, macho yake yamekwisha kufika pale kabla ya mkono. Fundisho lake ni hili: jicho hutangulia kuonyesha, na mkono hukata shauri.

Toka siku hizo wataalamu wamefuata njia kama nne, nami nitazitaja kwa ufupi. Ya kwanza ni kungoja: jicho likae mahali kwa muda uliopangwa ndipo amri itimizwe. Muda ukiwa mfupi mno, makosa huzidi. Ukiwa mrefu mno, macho huchoka. Ya pili ni kuweka kingo: ukitazama ukingo wa kioo, ramani husogea upande huo, na katikati huachwa mahali pa kusoma kwa amani. Ya tatu ni kuoanisha macho na kiungo kingine. Huko Ujerumani Sophie Stellmach na Raimund Dachselt walichunguza mwaka wa 2012 jinsi ya kusogeza na kukuza kwa macho na mkono pamoja. Chombo cha kuvaa usoni cha Apple Vision Pro, kilichoanza kuuzwa mwaka wa 2024, hufuata shauri hilo hilo: jicho huchagua, na vidole viwili vikibanwa pamoja huthibitisha.

Ya nne ndiyo iliyonipendeza kupita zote, nayo ni kukuza kwa hatua. Badala ya kulidai jicho lilenge zahanati ndogo kwa mara moja, ramani hukua kidogo kidogo kuelekea pale jicho linapotazama, na mahali hapo husogezwa katikati. Kosa lililokuwa kilometa 10 huwa nusu kilometa, kisha ramani inapofika 1:10,000 huwa mita 100 tu. Chombo hakikuwa bora kuliko mwanzo. Kosa bado ni sentimeta moja ya kioo. Kilichobadilika ni kwamba jicho limepewa nafasi ya kujisahihisha kila hatua. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

Kadhalika wako watafiti wa chuo cha ETH mjini Zurich, Uswisi, ambao hawakutaka jicho liamuru, bali walitaka ramani ilisaidie jicho. Ioannis Giannopoulos, Peter Kiefer na Martin Raubal walitengeneza mwaka wa 2012 ramani ya kioo kidogo inayokumbuka mahali mtumiaji alipopatazama zaidi, ikamwekea alama ili asipotee akirudi. Mwaka wa 2015 walionyesha jambo jingine: mtu anayetembea mjini hutazama njia zilizo mbele yake, na akiitazama ile impasayo kufuata, simu humtetemekea mkononi. Hivyo hana haja ya kuinamia ramani njiani.

Ukiyaweka pamoja haya yote, utaona kwamba yanasema neno moja. Jicho si mkono. Halikuumbwa kuamuru, limeumbwa kutafuta na kuchagua. Atakaye kuiongoza ramani kwa macho na alipe jicho mambo machache ya kuchagua, yawe makubwa, yaje kwa hatua, na kila hatua pawe na njia ya kusema ndiyo au la.

Nimelijua neno hili kwa vitendo nyumbani kwetu, na huko hapakuwa na kompyuta. Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Kiharusi kilimwacha hawezi kusema wala kuinua mkono, ila akili yake ni timamu na macho yake yanakwenda. Akiinua macho juu ni ndiyo, akiyafumba ni la. Likizo iliyopita alikuwa hatulii kwa siku nyingi, na sote tulidhani anataka kurudishwa kwetu Iringa. Tulipomwuliza, alifumba macho. Kuuliza mji mmoja mmoja wa Tanzania ni kazi ya kutwa nzima.

Ndipo nilipochukua ramani ya nchi na kuikunja mara mbili, ili mikunjo iigawe sehemu nne. Shangazi aliishika mbele yake, nami nikakaa nyuma ya ramani nikiyaangalia macho yake juu ya ukingo. Nikasema, “Baba, tazama pembe iliyo na mahali unapopataka.” Macho yakashuka upande wa kusini mashariki. Nikamwuliza kama ndivyo, akayainua. Tukaikunja ramani mpaka ikabaki sehemu ile peke yake, tukaisogeza karibu, nayo tukaigawa minne; kisha mara ya tatu vivyo hivyo. Kwa maswali matatu tulikuwa tumefika katika sehemu moja kati ya 64. Ilibaki miji michache ya pwani, tukamsomea. Tulipotaja Lindi aliinua macho, akayashikilia juu kwa muda mrefu.

Ni mtu? Ndiyo. Tukataja majina ya wenzake wa kazi, na kwa jina la utingo wake wa zamani aliinua macho tena. Tulimpigia simu, akaja baada ya siku tatu. Aliketi kitandani akamshika mkono, akasema, “Mzee, umeikumbuka amana yangu?” Macho yakainuka. Utingo yule alikuwa amemwachia akiba yake amtunzie kabla ya maradhi, na kwa heshima hakutaka kuidai kwa mgonjwa. Sanduku la nguo lilifunguliwa, fedha zikaonekana zimefungwa katika kitambaa, zikakabidhiwa mwenyewe mbele ya watu. Usiku ule baba mdogo alilala.

Nimeyaeleza haya ili wazazi wenye wagonjwa wa namna hiyo wasingoje chombo cha bei. Chombo ni kizuri, na kikipatikana kitamwezesha mgonjwa kuitembeza dunia nzima kiooni bila msaada wa mtu. Lakini kanuni yenyewe yaweza kutumika leo kwa karatasi. Hata plastiki inayopenya nuru yafaa: andika maneno katika pembe zake nne, uishike kati yako na mgonjwa, nawe utaona kwa upande wa pili anapotazama. Hospitali nyingi za ng’ambo hutumia vibao vya namna hiyo vyenye herufi.

Kabla ya kumaliza, sina budi kutoa onyo. Wazee wetu walisema macho hayana pazia, na maana yake ni kwamba jicho huona hata lisichoruhusiwa. Siku hizi neno hilo limepata maana ya pili. Tumeona kwa Yarbus kwamba njia ya macho hufichua swali lililo moyoni. Basi ramani inayoyafuata macho yako yaweza kujua mahali unapotamani kwenda, na mtaa unaouogopa, kabla hujatamka neno. Habari kama hizo ni mali ya mwenyewe. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka wa 2022, na Kenya wanayo ya mwaka wa 2019, lakini sheria humfaa ajuaye kwamba anacho kitu cha kulindwa. Simu ikikuomba ruhusa ya kuyatazama macho yako, uliza kwanza habari hizo zinakaa wapi na nani anazisoma.

Chama cha Jiografia kimekusudia muhula ujao kutengeneza ramani za kukunjwa, za mikoa na za wilaya, zenye majina makubwa ya kusomeka kwa mgonjwa aliyelala. Mafundi wa darasa la useremala wamekubali kutupatia fremu za mbao. Mzazi au jirani mwenye kuihitaji na amtume mtoto wake kwa katibu, naye atapewa bila malipo. Na wanafunzi wenzangu, tundikeni ramani yenye tundu, mchungulie macho ya rafiki zenu. Mtajifunza juu ya ramani, na zaidi ya hayo mtajifunza jinsi mtu anavyotafuta jambo.